Chungu cha Jioni Katika Kota za Tororo

Kila jioni, jua linapozama na Mwamba wa Tororo kuanza kuwa mweusi, moshi wa makaa huzagaa katika kota za askari, na kila mama wa nyumba hukabiliwa na swali lile lile alilolijibu jana: leo watu watakula nini? Swali hilo halina likizo. Baba yuko zamu au ndiyo kwanza ametoka zamu, watoto wamerudi kutoka shule na njaa yao, na mshahara aghalabu huwa umekwisha kabla ya mwezi kwisha.

Wako wanaodhani kwamba jawabu la swali hilo ni fedha tu. Kwamba mwenye nyama ndiye anayekula, na asiye nayo hujaza tumbo tu. Yaliyomfika mke wa konstebo mmoja wa polisi mjini Tororo yanaonyesha vingine. Chakula chema cha kila siku hutegemea mambo matatu: kuvijua vyakula vya mahali mtu alipo, kuianza kazi mapema, na kutambua mahali ambapo ubanifu hauna budi kukoma.

Mama huyo alizaliwa pande za Masaka, ambako ndizi ndiyo chakula na vingine vyote ni kitoweo tu. Mumewe alipopata uhamisho wa kwenda Tororo, alifika na watoto watatu, sufuria mbili, kinu kidogo alichopewa na mama yake, na ujuzi wa kupika matoke ndani ya majani ya mgomba. Mwezi wa kwanza alishika desturi ya kwao. Lakini Tororo si Masaka. Mikungu huletwa kwa lori kutoka pande za Mbale na kwingineko, na bei yake huongezeka kwa kadiri ya safari. Ilipofika tarehe 18, kibeti chake kilikuwa kimebaki na fedha za posho na maharage peke yake, na watoto wakawa wanakaa mbele ya sahani wakichokonoa chakula kwa vidole bila ya kukila.

Neno hili posho linastahili kukumbukwa na kila familia ya askari. Katika Kiswahili, posho ni chakula au fedha anayopewa mtu kwa matumizi yake ya kila siku. Zamani za ukoloni, askari na vibarua wa Uganda walipimiwa unga wa mahindi kuwa ndiyo posho yao, hata jina la kipimo likageuka kuwa jina la chakula chenyewe. Ndiyo maana ugali wa mahindi nchini Uganda mpaka leo huitwa posho. Hakuna ubaya katika posho. Ubaya uko katika kuila peke yake usiku baada ya usiku, kana kwamba ardhi haikuotesha kitu kingine.

Mama yule hakuwa na wa kumlalamikia. Hata hivyo, katika kota za askari hakuna kabila moja, na lugha ya mlangoni ni Kiswahili, kama ilivyo kazini. Upande wa kulia aliishi mke wa askari mwenzake, Mteso. Upande wa kushoto aliishi Msamia, mzaliwa wa pande za Majanji kwenye Ziwa Viktoria. Nyumba ya tatu ilikuwa ya koplo mmoja Mjopadhola, ambaye alikuwa akimtunza mama yake mzazi, mwanamke wa makamo mengi ambaye kota nzima ilimwita Bibi.

Watu wa pembe hii wana jambo lao. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia chini ya utawala wa nchi ambayo leo ni Kenya, na mpaka uliotokana na uhamisho huo ukawaacha Wateso wengine Tororo na wengine Amagoro na Amukura. Wasamia wengine Majanji na wengine Sio Port. Mji wa Busia wenyewe ni miji miwili yenye jina moja, kila mmoja na shilingi yake. Walakini majiko hayakugawanyika. Kinachopikwa Busia ya Kenya kinapikwa Busia ya Uganda, na mwanamke anayevuka na kikapu chake kwenda sokoni huvuka pia na namna yake ya kupika.

Basi mke wa konstebo alijifunza kwa kutazama, kisha kwa kuuliza, na mwisho kwa kupika mwenyewe. Mapishi aliyoyapata ni haya.

UGALI WA WIMBI NA MUHOGO

Haya ni mapishi ya Mteso. Kwa watu sita, chukua vikombe viwili na nusu vya unga wa muhogo mkavu na kikombe kimoja na nusu cha unga wa wimbi, uvichanganye vikiwa vikavu. Chemsha vikombe sita vya maji. Ukiwa na ukwaju, loweka kipande katika maji ya moto kidogo, kamua, chuja, na uyatie maji hayo katika sufuria. Ukali wake huamsha hamu ya kula, hasa kwa mtu aliyetoka kazini amechoka. Maji yakitokota, mimina unga kidogo kidogo huku ukisonga kwa mwiko imara. Muhogo huushikamanisha ugali, wimbi huupa ladha na rangi. Songa mpaka uache kushika sufuria, funika kwa dakika chache juu ya moto mdogo, kisha pakua.

Jambo moja halifanyiwi haraka. Muhogo mchungu una sumu ndani yake, nao haufai kuliwa ila baada ya kuloweka au kuvundikwa, kisha kukaushwa vizuri juani na kusagwa. Mama asiyejua muhogo wake umetoka wapi na amuulize muuzaji, na kama jibu halimridhishi, aende kwa mwingine.

DAGAA WA ZIWA

Samaki hawa wadogo Waganda huwaita mukene na Wakenya huwaita omena. Msamia alisema kwamba watu huwachukia kwa sababu wamewala wakiwa na mchanga. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwachambua. Mimina vikombe viwili vya dagaa wakavu katika ungo, ondoa mawe na takataka, kisha wakaange katika sufuria kavu, bila mafuta, mpaka wanukie. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, na kila mara watoe kwa mkono badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, tia dagaa, wageuze kwa dakika tano, kisha tia nyanya tatu zilizokatwa, chumvi, na nusu kikombe cha maji. Funika dakika kumi. Mwisho kamulia ndimu.

Dagaa huliwa mzima, mifupa na vyote, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mtoto anayekua. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kumtafuna, dagaa aliyeoshwa na kukaushwa tena hupondwa akawa unga, na kijiko chake kimoja kikatiwa katika uji.

MAJANI YA KUNDE KWA SIMSIM

Haya aliyafundisha Bibi. Wajopadhola huyaita majani haya boo, na Waluhya wa upande wa pili huyaita likhubi. Chagua majani machanga, ondoa vikonyo vigumu, osha kabla ya kukata wala si baada yake. Chemsha maji kidogo yenye chumvi, na kama majani ni makavu au magumu, tia kijiko kimoja cha maji yaliyochujwa kwenye majivu. Majivu hulainisha mboga, lakini yakizidi huharibu ladha na kuondoa sehemu ya nguvu iliyomo ndani yake. Kijiko kimoja chatosha. Pika mpaka majani yalainike. Kisha chukua vijiko vinne vya simsim iliyokaangwa na kusagwa, ikoroge kwa maji ya mboga iwe laini, uimimine juu na kukoroga kwa moto mdogo kwa dakika tano. Mrenda nao hupikwa hivyo hivyo, ila hauhitaji muda mrefu.

MAHINDI NA MAHARAGE

Chakula hiki ambacho Wajaluo hukiita nyoyo kila mtu anakijua, na kila mtu hukilaumu kwa kula makaa mengi. Kosa si la chakula. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva kwa muda mfupi zaidi, na mahindi makavu vivyo hivyo. Asubuhi mwaga maji yaliyolowekea, tia mapya, chemsha, na chumvi itiwe maharage yakiwa yamekwisha lainika. Jioni kinachobaki ni kukaanga kitunguu na nyanya na kuchanganya. Mama anayeloweka usiku huwa amepika nusu ya chakula cha kesho akiwa usingizini.

Kwa mapishi hayo manne, nyumba ya konstebo ilibadilika. Fedha zilezile zilifika tarehe 25, na mara nyingine zikavuka. Watoto wakaacha kuchokonoa sahani, na yule wa kati akajulikana kota nzima kwa kupenda dagaa. Konstebo aliporudi usiku kutoka doria alikuta sahani imefunikwa, naye akala bila ya kuuliza nyama iko wapi.

Lakini mama yule alikuwa na deni moyoni. Alikuwa amefundishwa na majirani watatu, naye hajamfundisha yeyote. Akakata shauri kuwapikia binyebwa, mchuzi mzito wa karanga wa kwao, ili Jumapili jioni majirani wote wale nyumbani kwake, nao waone kwamba mtu wa Masaka pia ana chungu chake.

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Sokoni karanga zilikuwa ghali, isipokuwa kwa muuzaji mmoja aliyekuwa nazo kwenye gunia pembeni, kwa karibu nusu ya bei ya wengine. Mama alitoa fedha zake zote zilizosalia. Akarudi nyumbani kwa furaha, akakaa kizingitini na kinu chake.

Kabla hajaanza kutwanga, Bibi alipita, akasimama, akachota karanga chache. Alizipasua moja moja kwa ukucha, akazinusa.

"Mwanangu, hizi umezinunua wapi?"

"Sokoni, Bibi. Nimezipata rahisi."

"Zimeota ukungu. Tazama hapa ndani. Hazifai."

Mama alizitazama. Baadhi zilikuwa zimekunjamana, na nyingine zilikuwa na unga wa rangi ya kijani kibichi katikati. "Nitazichagua, Bibi," alisema. "Mbaya nitazitupa, na hizi nyingine zitachemka saa nzima. Moto utaua kila kitu."

"Moto hauliwezi jambo hili," Bibi alijibu. "Zifukie."

Si rahisi kwa mtu kuambiwa afukie fedha zake za mwisho. Mama yule aliona haya, na baada ya haya ikamjia hasira. Alidhani ya kuwa Bibi anamdharau, kwamba ameona umaskini wake mbele ya watu. Aliingia ndani na karanga zake, akafunga mlango, na alipofika mumewe alimweleza yote kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Konstebo alivua kofia, akachukua karanga mkononi. Yeye alikuwa ameshika lindo Busia mwezi Machi 2021, wakati Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipozuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu katika nafaka na karanga. Malori yalikwama mpakani, na madereva walilala chini ya magari yao. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni.

"Wakati ule nilidhani ni ugomvi wa wafanyabiashara tu," alisema. "Ndipo daktari mmoja akatueleza. Mke wangu, Bibi hakukutukana. Amekuokoa."

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoingia kuvu, na 125 kati yao wakafa. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki siku ile. Ini lake ndilo huharibika, na saratani ya ini ni mojawapo ya matokeo yanayojulikana. Sumu hiyo haina ladha ya kumwonya mlaji. Kuchemsha hakuiondoi, na kukaanga huipunguza tu bila ya kuimaliza. Wala mabaki yake si ya kuku au ng'ombe, maana kuku hufa, na ng'ombe huirudisha katika maziwa ambayo mtoto atayanywa.

Usiku ule konstebo alichimba shimo nyuma ya nyumba, wakazifukia karanga zote. Asubuhi yake mama alikwenda kwa Bibi kumwomba radhi. Bibi hakusema mengi. Alimwuliza tu kama bado ana unga.

Alikuwa nao. Jumapili jioni majirani walikuja kama walivyoalikwa. Mteso alileta simsim iliyosagwa, Msamia akaleta dagaa, Bibi akaleta kunde alizozichuma mwenyewe, na mwenyeji akasonga ugali wa wimbi na muhogo, ambao Mteso aliuonja na kusema kwamba hauna tofauti na wa kwa mama yake. Hakuna aliyetaja karanga.

Mshahara ulipoingia, mama yule alinunua karanga zilizo bado katika maganda. Alizimenya na watoto mchana, akazipeleka kwa Bibi zikaguliwe, kisha ndipo alipowapikia binyebwa. Mapishi yenyewe ni mepesi. Twanga vikombe viwili vya karanga mbichi zilizochaguliwa mpaka ziwe unga. Koroga unga huo kwa vikombe vinne vya maji, weka juu ya moto mdogo, tia kitunguu na nyanya mbili, na koroga mara kwa mara mchuzi usishike chini. Baada ya dakika arobaini au zaidi utakuwa mzito na mafuta kuanza kuelea. Hapo tia chumvi. Ukipenda, tia dagaa waliokwisha kaangwa, na chungu kimoja kitakuwa kimeunganisha Masaka na Majanji.

Kutokana na kisa hiki, kila anayepika, awe mama wa nyumba, awe baba ambaye mkewe amesafiri, au awe askari kijana anayejipikia mwenyewe kambini, anaweza kushika mambo machache. Nunua karanga nzima, maana karanga iliyokwisha sagwa haikuonyeshi ilivyokuwa. Nafaka ianikwe juu ya turubai au mkeka, isianikwe kwenye udongo mtupu, na gunia liwekwe juu ya mbao mbali na sakafu na ukuta. Punje iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au iliyoota ukungu itupwe, na kama nyingi ziko hivyo, zitupwe zote.

Kupunguza nyama si aibu, kupunguza mafuta si aibu, na kumwongezea mgeni maji katika mchuzi ni jambo ambalo kila nyumba ya askari imelifanya. Lakini kwa punje iliyoharibika hakuna kubana matumizi, kwa kuwa kilichookolewa sokoni hulipwa hospitalini.

Mama yule wa Masaka sasa ndiye anayeulizwa na wanaohamia kota hizo. Huwafundisha binyebwa, na kabla ya kuwapa kinu huwapa ungo kwanza. Huwaambia alivyoambiwa na Bibi, kwamba karanga huchaguliwa mchana. Jioni taa ni hafifu, watoto wana njaa, na mtu mwenye haraka huona kila punje kuwa nzuri.